Kanuni ya Kicheko

Mlango wa zahanati ulimsikiliza Mzee Kikoti kwa adabu zote, kisha ukamkatalia.

"Zabroni Kikoti," alirudia mzee, akivuta pumzi kwa shida kati ya jina lake na la baba yake. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. "Zabroni Kikoti wa Bwawani. Pumu. Si unanijua, we mlango? Kila mwezi napita hapa."

"Sauti hii imefungwa," mlango ulijibu kwa ile sauti laini ya kike iliyochaguliwa ili isimkere mtu. "Tafadhali mpishe anayefuata."

Anayefuata alikuwa Dkt. Aurelia Gama, na yeye alikuwa ameshakereka. Jirani wa mzee ndiye aliyempigia simu kumwambia kwamba Kikoti anashinda na njaa, duka halimuuzii hata mkate, na sasa pumzi zimeanza kumwishia. Aurelia alikuja mbio na kitenge cheusi cha msiba bado mwilini. Walikuwa wamemzika baba yake wiki ile ile, na Kikoti alikuwa rafiki wa baba yake wa kufa na kuzikana, tangu enzi walipokuwa wakiendesha magreda ya kuchonga barabara.

"Mngoni," mzee alisema alipomwona, macho yakimcheka ingawa midomo ilikuwa imegeuka rangi. "Umekuja kunitazama ninavyokufa? Subiri basi nichomekee shati."

"Nyamaza, mzee. Usipoteze pumzi."

Aurelia alitaja jina lake. Mlango ukafunguka, ukamtakia asubuhi njema, ukampa na pole ya msiba. Lakini alipomshika mzee mkono waingie pamoja, mlango ulijirudi na kukwama kwenye bega la Kikoti, ukamsukuma nje taratibu, bila hasira. Hilo ndilo lililomuuma Aurelia zaidi. Mlango ungemtukana mzee wa watu, afadhali.

Muuguzi alikuja mpaka kizingitini. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sura ya kuchoka, na alizungumza kwa kunong'ona.

"Kabati la dawa halifunguki mpaka mgonjwa mwenyewe ataje jina, dada. Nikilivunja, na mimi wananifunga sauti. Nina mtoto nyumbani." Akatazama nyuma yake, akaingiza mkono kwenye mkoba wake mwenyewe, akatoa kichupa cha bluu cha kupulizia. "Hii ni ya mwanangu. Imebaki kidogo. Mwambie asiivute ovyo."

Mzee akavuta mara moja, akafumba macho, akakaa chini kwenye saruji. Rangi ikaanza kumrudia. Aurelia alikaa naye palepale chini na kitenge chake kizuri, akiwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko.

Katika Dodoma ya miaka ile hakuna aliyetembea na ufunguo wala kadi. Sauti ya mtu ndiyo iliyomfungulia nyumba, ikamnunulia unga, ikamwitia gari, ikamlaza hospitalini. Aliyefungwa sauti hakuwekwa gerezani. Hakuna aliyemgusa. Alibaki tu nje ya kila kitu, akiongea na milango. Adhabu hiyo ilibuniwa na Jopo la Ushauri dhidi ya Magenge, wataalamu wachache walioteuliwa kuishauri serikali, na Aurelia alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtaalamu wao wa lugha. Na tuseme ukweli, mpaka asubuhi ile alikuwa akijivunia kazi hiyo.

"Umefanya nini, mzee?"

"Nimefanya nini?" Kikoti alifungua jicho moja. "Nimemzika baba yako."

Hapo Aurelia akaelewa, na damu ikampanda.

Kikoti alikuwa Mhehe, na Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zao walipomaliza kuchinjana. Siku ya mazishi, wanaume walipokwisha kuchimba, mzee huyu mwenye pumu alishuka kaburini na suti yake ya kanisani, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani, akasema hatoki. "Leo nimemteka Gama," alipaza sauti kutoka shimoni. "Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe kofia yake ya pama na jogoo mwekundu. Mkichelewa, nawachukua na nyie mmoja mmoja, nianze na huyu binti yake aliyesoma!" Watani wenzake wakaitikia huku wakicheka, mama mmoja akawa amevaa koti la marehemu na kutembea kwa kuchechemea vilevile alivyochechemea Mzee Gama, waombolezaji waliokuwa wakilia wakajikuta wanashika mbavu. Ndivyo anavyofanya mtani. Anakuja kuucheka msiba ili wenye msiba wapate kupumua. Jogoo alitolewa. Kofia ndiyo iliyokosekana siku ile, Aurelia akaahidi kuitafuta.

Yeye mwenyewe hakucheka wala hakulia. Tangu baba afe alikuwa mkavu kama mbao.

Na kwenye nguzo ya taa, nje ya ukuta wa makaburi, Sikio, ile mashine ya serikali ya kunasa vitisho, lilikuwa linasikiliza.

*

"Kuteka," alisoma Profesa Mihayo kutoka kwenye kioo cha mezani kwake. "Kudai kikombozi. Kutishia familia. Na kicheko. Unaona mwenyewe, Daktari. Alama zote zimetimia."

Profesa Mihayo alikuwa mwenyekiti wa jopo. Alikuwa mzee wa Kinyamwezi mwenye mvi zilizochanwa vizuri, aliyeongea polepole kwa kuwa alijua hakuna atakayemkatiza. Aurelia hakuketi alipokaribishwa kiti.

"Huyo ni mtani wa baba yangu, Profesa. Alikuwa anazika."

"Naamini."

"Unaamini?"

"Naamini kabisa. Na wenzake waliocheka naye, naamini pia hawana kosa. Sikio limewafunga wote kama washirika wake, ndivyo lilivyofundishwa." Alikunja mikono. "Na aliyelifundisha, Daktari, ni wewe."

Ilikuwa kweli. Mashine zilizotangulia zilitafuta maneno ya vitisho, zikaishia kukamata wake na waume waliogombana na madereva waliotukanana barabarani. Aurelia ndiye aliyekaa na rekodi za magenge akagundua jambo ambalo wengine hawakuliona. Mtu anayetishia kwa hasira, mara nyingi anapunguza moto tu, kesho ameshasahau. Anayetishia huku anacheka ameshawahi kufanya. Kwa hiyo Sikio likafundishwa kwamba tishio likiwa na dai na kicheko juu yake, hilo ni genge, na anayecheka pamoja na mtishaji ni mwenzake. Vitabu vya serikali viliiita Kanuni ya Gama. Mitaani waliiita kanuni ya kicheko. Magenge yaliyokuwa yakiwatoza wafanyabiashara kodi ya mlango yalikatika kama uzi mbovu ndani ya miezi michache, maana genge lisiloweza kupiga simu, kupanga nyumba wala kununua mafuta haliwezi kumchomea mtu duka.

"Watani wangapi wamefungwa?" Aurelia aliuliza. "Misiba mingapi?"

"Hatujapokea lalamiko hata moja."

"Malalamiko yanapokelewaje, Profesa?"

"Kuna namba ya bure. Mtu anapiga, anajieleza kwa..." Mihayo aliitazama simu yake. "Kwa sauti."

Aurelia alicheka kwa uchungu, cheko fupi la puani, na kwa sekunde moja akatazama juu kwenye kile kijitaa kidogo cha kijani kilichokuwa katika kila dari ya mji ule. Kijitaa kilibaki kijani. Sikio lilitaka tishio kwanza.

"Unaogopa?" Mihayo aliuliza.

"Nimekasirika. Unajua tofauti yake?"

"Kaa chini, Aurelia."

Safari hii aliketi.

"Kesho kikao cha mwisho," Mihayo alisema. "Wizara inataka kulitandaza Sikio nchi nzima, na sheria inataka jopo likubali kwa kauli moja. Bila sauti yako hatuna kitu. Ukikubali, leo hii hii naandika msamaha maalumu kwa Mzee Kikoti. Jioni anaingia zahanati. Hayo mengine ya misiba tutayarekebisha polepole."

"Polepole kwa nani? Kichupa alicho nacho mzee kimebaki mivuto ya kuhesabu."

"Ndiyo maana nakupa njia. Sasa tazama njia ya pili." Aliinama mbele. "Kanuni yako ikiondolewa, kila aliyefungwa kwa kanuni hiyo anafunguliwa. Kila mmoja. Na Mpole naye."

Aurelia alikuwa akilingoja jina hilo tangu aingie.

Mdogo wake, Damasi, alikuwa na duka la vipuri. Genge lilimpigia simu kudai kodi ya mlango, akakataa. Akapigiwa tena. Kwenye ile simu ya mwisho sauti ya mtu mmoja ilimwambia, kwa uchangamfu wa jirani mwema, kwamba usiku huu kutakuwa na joto dukani, bora alale na maji karibu. Kisha akacheka. Damasi aliungua yeye na duka lake. Mtu huyo aliitwa Mpole, alikamatwa, na mahakama ikamwachia kwa sababu hakuna shahidi aliyethubutu kufungua mdomo. Aurelia alikuwa ameisikiliza rekodi ile mpaka akajua mahali Mpole alipomeza mate. Kanuni ya kicheko ilizaliwa humo. Sikio lilipowashwa, Mpole alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungwa sauti, na watu walisema sasa anaokota masalia nyuma ya hoteli. Aurelia aliposikia hivyo alilala usingizi mzito kuliko siku zote tangu msiba wa mdogo wake.

"Unamwachia aliyemchoma Damasi," Mihayo alisema, "kwa ajili ya matani ya makaburini. Hata sisi wenyewe hatutaniani tena. Mji umekua, Daktari. Mimi ni mtani wako kwa asili, Mnyamwezi kwa Mngoni, umewahi kunisikia nikikuita mateka wangu?"

"Hapana. Na hukuja kuzika."

"Nilituma rambirambi."

"Ulituma," Aurelia alisema, akainuka. "Nitakujibu kesho, kikaoni."

Alitoka akiwa na hasira na Mihayo, na hasira na Mpole, na hasira na mashine ile isiyo na mama wala shangazi wa kuifundisha dunia. Lakini aliyemchukia zaidi alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu pale kitini, kwa muda mfupi, alikuwa ameshaamua kukubali. Mzee wake angepata dawa na Mpole angebaki jalalani. Ingemgharimu nini? Watani wa watu wengine tu, asiowajua, wakisemezana na milango ya zahanati zao.

Ndiyo bei iliyomshinda. Si kwamba yeye ni mtakatifu. Alijua tu ule mlango ulivyomsukuma mzee bila hasira, na alijua ni nani aliyeufundisha.

*

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, majagi ya maji na ubaridi wa mashine uliomfanya kila mtu avae koti. Wanajopo walikuwa wamekaa mahali pao. Mwisho wa meza alikuwepo Bi. Namsifu Mrutu, aliyetumwa na wizara kuipokea kauli ya jopo, mama wa Kipare aliyevaa miwani mikubwa na asiyependa kupotezewa muda.

"Tuanze," Mihayo alisema. "Nadhani ni suala la kuitikia tu."

"Siitikii," alisema Aurelia. "Kanuni ya kicheko ni yangu. Naiondoa."

Kulikuwa na minong'ono. Mihayo hakutikisika.

"Kanuni ilikuwa yako. Sasa ni mali ya serikali, haiondolewi na mtu mmoja. Unaweza tu kukataa kuitikia, na kwa kukataa utachelewesha. Sikio litaendelea mjini hapa kama lilivyo wakati tukitafuta mtaalamu mwingine wa lugha." Akageukia wizara kwa upole. "Mama, tumsamehe. Daktari ana msiba."

"Nina msiba, ndiyo!" Aurelia alipiga meza mpaka maji yakaruka kwenye majagi. "Na mtu aliyekuja kunitoa katika msiba huo amekaa nje ya zahanati anapiga filimbi kifuani, kwa sababu mashine yetu haijui mtani na haijui muuaji! Inasikia meno tu!"

Bi. Namsifu alirekebisha miwani. "Ni kweli hilo, Profesa? Haliwezi kutofautisha?"

Hapo ndipo Mihayo alipojikwaa. Angesema tutachunguza, kikao kingeahirishwa, na mambo yangeishia kwenye makabati. Lakini alikuwa mtu wa kujiamini, tena mbele ya wizara.

"Linatofautisha, Mama. Lile la makaburini lilikuwa na kelele nyingi, watu wanalia, upepo. Katika mazungumzo yaliyotulia Sikio haliwezi kukosea."

"Linasikiliza humu ndani?" Aurelia aliuliza.

"Hakuna aliye juu ya Sikio. Hilo ni neno langu mwenyewe, limeandikwa hata kwenye lango."

"Basi nitanie."

"Nini?"

"Wewe ni Mnyamwezi, mimi ni Mngoni. Una deni la msiba, hukuja kumcheka baba yangu. Nitanie hapa, mbele ya Mama. Pametulia, hakuna upepo."

Wote wakamtazama Mihayo. Profesa alitabasamu kama mtu aliyeombwa acheze mdako. Akakohoa.

"Haya. Nyie Wangoni," alianza kwa ukakamavu wa mtu anayesoma hotuba, "mlitoka kusini mkitembea kwa miguu."

"Huo ni utani au somo la historia?" Aurelia alimkata. "Kumbe ndiyo maana hukuja kuzika. Umesahau. Mnyamwezi mzima amegeuka tangazo la redio!"

Mtu mmoja upande wa pili wa meza akaguna. Shingo ya Mihayo ilibadilika rangi. Hakuna Mnyamwezi aliyelelewa na bibi yake anayeweza kuambiwa hivyo na Mngoni akalala.

"Mimi?" alisema, na sauti ikashuka kutoka chuo kikuu ikarudi Tabora. "Mimi unaniambia hivyo, we mateka? Mliingia Unyamwezi na ngao zenu za ngozi ya ng'ombe wa wizi, tukawatimua mpaka leo mnahema! Mama, huyu mnayemwona hapa na udaktari wake ni mali yetu, alitoroka tu. Leo nimemkamata. Namfunga kamba, nampeleka Tabora akafukuzane na nyuki, na ndugu zake wakimtaka walete dume la ng'ombe na wao waje wametambaa!"

Alikuwa ameinuka bila kujijua, na alikuwa anacheka. Uso wote ulikuwa umefunguka, mtu angeapa ni mdogo kwa miaka arobaini.

"Utanipelekaje?" Aurelia alipaza sauti. "Utanibeba, maana kazi yenu toka zamani ni kubeba! Mbebaji wee! Na ukinitua njiani nakukata masikio nakuuzia supu!"

"Nikutue? Nitakuangusha mtoni Ugalla, mamba waje wakurudishe wenyewe, watasema huyu Mngoni ana maneno mengi tumboni!"

Meza nzima ikavunjika. Wanajopo walikuwa wakipiga mapaja. Bi. Namsifu alivua miwani akawa anajifuta machozi kwa ncha ya kilemba, anasema, "Acheni jamani, acheni." Na Aurelia alikuwa anacheka, anacheka kwelikweli, kicheko kilichotoka chini kabisa mahali ambapo baba yake alikuwa amekwama tangu wamfukie. Machozi yakaanza kumtoka. Alimwona baba yake mbele ya uso wake, na kofia ya pama, akichechemea. Ndiyo kazi yenu, aliwaza. Ndiyo kazi yenu, washenzi nyinyi, mlikuwa wapi siku zote?

Kijitaa cha darini kilikuwa chekundu.

"Tishio la kuteka," ilisema ile sauti laini. "Dai la kikombozi. Tishio la kukata viungo. Tishio la kuua. Kicheko. Washirika ni wote waliomo. Sauti zimefungwa."

Taa zikazimika, kwa kuwa chumba hakikumtambua tena mtu yeyote ndani yake. Mashine ya ubaridi ikakohoa ikanyamaza. Vicheko vilikatika kimoja kimoja, cha mwisho kilikuwa cha Mihayo.

Alitembea mpaka mlangoni akijitengeneza koti. "Profesa Ezekieli Mihayo, mwenyekiti."

"Sauti hii imefungwa. Tafadhali mpishe anayefuata."

"Mihayo," alisema. "Ezekieli Mihayo." Mara ya tatu hakutaja uprofesa wala uenyekiti. Alitaja jina lake tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto afungue.

"Mpigieni waziri!" alisema Bi. Namsifu. Simu yake ikamwomba, kwa adabu, ataje jina.

Walikaa gizani wakitoka jasho, wataalamu wote wa taifa wa kupambana na uhalifu, pamoja na wizara, wakisemezana na mlango kwa zamu. Aurelia hakwenda mlangoni. Alikaa mahali pake akilia, na sasa hakuwa anamlilia baba yake peke yake. Alijua kitakachofuata. Bi. Namsifu hakuwa mtu wa kukubali kulala kizuizini kwa sababu ya mamba wa Ugalla, na waziri asingekubali wizara yake ikae nje ya milango yake yenyewe. Kanuni ingeondolewa leo. Ingeondolewa kwa wote.

"Ulijua," Mihayo alisema karibu naye gizani. "Ulijua na Mpole atatoka."

"Nilijua."

"Na umefanya."

"Usiniguse, Profesa," alisema Aurelia, ingawa mzee wa watu hakuwa amemgusa. "Nikikusikia ukitaja jina hilo tena, sitacheka."

Dereva wa Bi. Namsifu, ambaye sauti yake ilikuwa bado wazi, alichoka kungoja, akaja kugonga.

*

Asubuhi iliyofuata Mzee Kikoti alisimama mbele ya mlango wa zahanati na kutaja jina lake.

"Karibu, Zabroni Kikoti," ulisema mlango. "Habari za asubuhi?"

"Habari ya baba yako," mzee aliujibu, akaingia.

Alitoka na dawa zake ndani ya mfuko, kifua kimetulia, akamkuta Aurelia amekaa kwenye benchi la nje chini ya ukuta. Magotini alikuwa na kofia ya pama, kuukuu, ukingo wake umeliwa na jua la barabarani. Ilikuwa imepatikana nyuma ya kabati.

"Kikombozi chako hiki," alisema.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa ndani. Akaivaa upande kidogo, vilevile alivyoivaa mwenzake. "Imenikaa kuliko ilivyomkaa," alisema. "Gama alikuwa na kichwa cha boga. Nilimwambia miaka yote." Kisha akamtazama Aurelia vizuri, na akaketi. "Una nini, Mngoni? Nasikia umefunga wakubwa wote chumbani. Mji mzima unakucheka kwa wema. Mbona uso umevimba?"

"Waliofunguliwa jana jioni, mzee, ni wote."

Kikoti aliuweka mfuko wa dawa chini. "Na yule wa Damasi?"

"Na yule wa Damasi. Muuza mkate mmoja alinipigia, zamani alikuwa jirani wa duka. Anasema mtu huyo alifika dukani kwake jioni ile ile, akataja jina lake, mlango ukamfungulia. Akanunua mkate."

"Akasema nini?"

"Akamuuliza biashara inaendaje. Akamwambia atapita tena." Mikono yake ilikuwa imejikunja ngumi juu ya magoti, na hakujaribu kuikunjua. "Jopo limevunjwa. Polisi wanasema bila kanuni ile hawana ushahidi, na mimi ndiye niliyeiondoa. Nitaanza tena, mzee, nitakwenda kwa huyo muuza mkate, nitawabembeleza mashahidi mmoja mmoja, na najua wataogopa, na najua wana haki ya kuogopa. Nina hasira mpaka meno yananiuma."

"Alikuwa anacheka?" Kikoti aliuliza. "Alipokuwa ananunua huo mkate?"

"Alikuwa anacheka."

Watu waliingia na kutoka zahanati, kila mmoja akitaja jina lake, mlango ukiwakaribisha bila kubagua. Mzee alikuwa anautazama. Aurelia alingoja. Mtu huyu alikuwa amelala kaburini na suti ya kanisani, alikuwa amemtania mkunga siku Aurelia anazaliwa, na juzi tu alikuwa anatania akiwa hana pumzi.

"Nitanie, mzee," alisema hatimaye. "Sema chochote. Niite mateka."

Kikoti aliivua kofia, akaishika magotini.

"Leo siwezi, mwanangu," alisema.